Posho Mbili, Mkutano Mmoja

Nimefanya kazi ya miradi ya amani mpakani mwa Kenya na Uganda kwa muda mrefu, na kuna jambo nimelinyamazia. Katika mradi mmoja wa vijana niliousimamia, tuliwalipa vijana wa Turkana, Kenya, zaidi ya mara tatu ya tulichowalipa wenzao wa Karamoja, Uganda, katika mkutano ule ule, kwa kazi ile ile. Nililijua hilo kabla hata fedha hazijaingia. Ugomvi ulipozuka, nikaandika ripoti iliyouficha. Kosa ni langu kwa yote mawili, na ninayaungama hapa.

Asiyeijua sehemu ile aelewe kwanza jinsi watu wake walivyoshikana. Mturkana na Mmatheniko, yaani Mkaramoja wa Moroto upande wa Uganda, wakikutana hawahitaji mkalimani. Lugha zao husikilizana. Kiangazi kikikaza upande wa Kenya, wafugaji wa Turkana hupanda na mifugo kupitia Lokiriama, wakavuka hadi Nakiloro na kwenye bwawa la Kobebe kutafuta maji na malisho. Ni katika kuvuka huko ndipo urafiki hujengeka, na ndipo ng'ombe huibwa na watu huuawa. Desemba 1973, wazee wa Turkana na Matheniko walipatana pale Lokiriama na silaha zikazikwa, na mpaka leo watu hukusanyika kila mwaka kuyakumbuka mapatano hayo. Septemba 2019 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikutana Moroto, na serikali zao zikatia saini makubaliano ya ushirikiano wa mpakani. Mradi wetu ulikuja baadaye, kitu kidogo juu ya msingi uliowekwa na wengine. Nasema hivi kwa sababu katika andiko letu la kuomba fedha niliandika kana kwamba amani ya mpaka ule ilikuwa ikitungoja sisi.

Tangu Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lipitishe azimio namba 2250, Desemba 2015, la kutaka vijana washirikishwe katika maamuzi ya amani, wafadhili wengi wametenga fungu la vijana. Ni jambo jema na ninaliunga mkono. Mwito wa miradi ya kuvuka mpaka kwa kawaida hutaka mashirika ya nchi mbili yaombe pamoja, na moja liwe mwombaji mkuu. Huyo ndiye hutia saini mkataba na mfadhili, ndiye hupokea fedha yote, ndiye humgawia mwenzake na kumdai risiti. Mwombaji mkuu tulikuwa sisi wa upande wa Kenya. Hata zile gharama za uendeshaji, ambazo wafadhili kama Umoja wa Ulaya huziwekea ukomo wa asilimia 7, zilibaki karibu zote kwetu. Kwa hiyo kabla ya kijana yeyote kukanyaga ukumbini, upande mmoja ulikuwa tayari umeshika mfuko.

Posho zilikuja hivi. Sera ya shirika letu ilisema mshiriki wa mkutano alipwe shilingi 2,000 za Kenya kwa siku. Sera ya wenzetu wa Uganda ilisema shilingi 20,000 za Uganda. Anayezitazama harakaharaka atadhani Mganda ndiye anayepata zaidi, lakini kwa viwango vya wakati ule 20,000 zile hazikufika theluthi moja ya 2,000 zetu. Bajeti ya mfadhili iliandikwa kwa dola, na kwa dola hapakuwa na pa kujificha: mstari mmoja ulisoma karibu 18, ule wa chini yake haukufika 6. Niliiona ile mistari miwili ikifuatana. Nilifahamu pia kwamba mkaguzi wa hesabu hutaka kila shirika lifuate sera yake, na kwamba kusawazisha kungehitaji barua kutoka kwa wakurugenzi wa pande zote mbili. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa inakaribia. Nikaiacha mistari ile kama ilivyo, nikijiambia kwamba tutarekebisha fedha zikija. Fedha zilikuja, nikashughulika na mengine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na elimu ya jambo hili. Mary B. Anderson alichapisha kitabu cha Do No Harm mwaka 1999, akaonyesha jinsi msaada unaoingia penye mgogoro unavyoweza kuuchochea: nani amepewa, nani amenyimwa, nani ameajiriwa, gari la nani limekodiwa. Nimewafundisha wengine mafunzo hayo, nikichora mishale ubaoni.

Mkutano wenyewe, uliofanyika Moroto, ulikwenda vizuri kuliko nilivyotumaini. Vijana walizungumza mambo ambayo wazee huyazungukia. Walitaja kwa majina mapito yanayotumiwa na wezi, wakakubaliana kupigiana simu: mifugo ikiibwa usiku, wa upande huu amwarifu wa upande ule nyayo zimeelekea wapi, ili zifuatwe kabla ng'ombe hawajagawanywa. Mbele ya hayo yote, mada zetu za ukumbini zilikuwa kelele tu.

Alasiri ya mwisho tukaweka meza ya malipo. Karatasi zilikuwa mbili, ya Kenya na ya Uganda, kila moja na safu ya jina, kiasi, na saini au dole gumba. Kijana mmoja wa Rupa, upande wa Uganda, aliyekuwa amesoma hadi sekondari na ndiye aliyekubali kuwa mpokea simu wa upande wake, alipofika zamu yake hakutia saini. Alivuta karatasi ya pili, akailaza kando ya yake, akapitisha kidole kwenye kiasi cha huku na cha kule. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu na mimi tumelala nyumba moja na kula sahani moja. Mbona mimi ni wa bei hii?"

Nikamweleza kuhusu sera za mashirika mawili. Niliyasikia maneno yangu yakitoka na sikuwa nayaamini. Vijana wa Turkana waliinamisha macho. Mmoja wao akatoa noti na kutaka wagawane. Yule wa Rupa akaikataa kwa heshima, akatia saini, akachukua alichoandikiwa na kutoka nje. Wenzake wengi walimfuata bila kungoja chakula cha jioni. Wachache waliobaki walikaa peke yao.

Wiki zilizofuata, simu za kutoka Rupa zilikatika. Mbuzi waliibwa karibu na Lokiriama, vijana wetu wakapiga namba ile tena na tena, haikupokewa, na mbuzi hawakurudi. Siwezi kuapa kwamba wangepatikana kama simu ingepokewa. Najua kwamba njia ya mawasiliano iliyojengwa na vijana wenyewe ilivunjwa na karatasi ya malipo niliyoiidhinisha mimi.

Katika ripoti niliandika: "Washiriki wa pande zote mbili walitoa maoni kuhusu uratibu wa mkutano." Sentensi hiyo haina uongo ndani yake, na kwa sababu hiyo ni mbaya zaidi. Afisa wa mfadhili aliisoma akaendelea na ukurasa wa pili. Laiti ningeandika ukweli, angeweza kuidhinisha posho moja kwa wote, na mashirika mengine anayoyafadhili kwenye mipaka mingine yangejihadhari. Nilihofia kwamba awamu ya pili ingetuponyoka. Nilitanguliza mishahara yetu, ukiwamo wangu, nikaiita kulinda mradi.

Mwaka huu nilimtafuta mratibu wa shirika la Uganda kumwomba radhi. Aliniambia kwamba naye aliiona mistari ile kwenye bajeti, akanyamaza kwa kuwa waliopokea fedha kupitia kwetu hawakujiona na nguvu ya kutubishia. Hapo nilielewa kwamba nafasi ya mwombaji mkuu ilikuwa imewafunga midomo tangu siku ya kwanza. Tukakubaliana kuandika barua moja kwa mfadhili, tukaambatanisha karatasi zote mbili za malipo na ile ripoti, tukaomba kwamba katika kila mradi wa kuvuka mpaka posho ya washiriki iwe moja, iandikwe kwa sarafu moja, na mashirika yote mawili yawe na haki ya kuipinga bajeti mbele ya mfadhili mwenyewe. Barua imepokelewa.

Kisha nilikwenda Rupa. Kijana yule alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama tofauti italipwa. Ilibidi nimwambie kwamba mradi ulifungwa zamani, na salio lililobaki nililirudisha mimi mwenyewe kwa mfadhili, kama mkataba ulivyotaka. Salio hilo lingetosha kuwalipa wote.