Mariamu kwenye Foleni ya Kuandikwa

Mwalimu ameniomba niandike neno la Krismasi, au Noeli kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo. Mimi si mhubiri. Nitasimulia tu jinsi mwanangu alivyonisomesha Luka sura ya 2, sura niliyodhani naijua.

Jumamosi moja ya Majilio, darasa la wadogo lilisoma habari za kuzaliwa kwa Yesu, kisha watoto wakaambiwa wachore. Mwanangu alirudi na picha ya wanaume watatu waliovaa suti na tai, wamesimama katikati ya kondoo. Nikamuuliza, "Hawa ni nani?" Akanijibu, "Ni wachungaji, mama." Kwake yeye mchungaji ni yule anayehubiri kanisani na maikrofoni. Wa mbuzi hajawahi kumwona. Nilicheka sana, kisha nikamweleza kwamba neno ni moja na kazi ni mbili, na ile ya kulala nje na mifugo ndiyo iliyotangulia.

Akaniuliza swali la pili. "Kwa nini Yusufu alisafiri na Mariamu akiwa mjamzito? Si angemwacha apumzike?" Nikamwambia Kaisari Augusto alitoa amri watu wote waandikwe, kila mtu mjini kwao, na Yusufu kwao kulikuwa Bethlehemu. Mtoto akafikiri kidogo. "Aaa, kama sisi komini."

Hapo mimi sikucheka.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa, karibu na Place Royale. Kuna picha pale ambayo Pieter Bruegel aliichora mwaka 1566, inayoonyesha kuandikwa kwa watu Bethlehemu. Bruegel aliishi hapa Brussels. Alifunga ndoa mwaka 1563 katika kanisa la Notre-Dame de la Chapelle, akafariki mwaka 1569. Bethlehemu yake haina mitende wala jangwa. Ni kijiji cha huku huku, theluji imejaa, watoto wanacheza juu ya barafu, watu wanachinja nguruwe. Upande wa kushoto umati umesongamana mbele ya nyumba ya wageni, ambako karani ameketi na daftari na watu wanalipa kodi. Ukutani kuna nembo ya tai mwenye vichwa viwili, alama ya ukoo wa Habsburg uliotawala nchi hizi wakati huo.

Nikamwambia, "Mtafute Mariamu." Alitafuta kwa muda. Mariamu yumo, amepanda punda, amejifunika vazi la buluu. Yusufu anatembea mbele, amebeba msumeno wa seremala begani. Wako chini, kati ya watu wengi, na hakuna hata mmoja anayewaangalia. Mwanangu akasema, "Mama, bado hawajafika kwenye foleni."

Wengi wenu mnaijua foleni hiyo. Mimi na mume wangu tulifika Brussels mwezi wa Januari, nikiwa na mimba ya miezi saba. Tulipata chumba Schaerbeek, tukaenda komini kujiandikisha. Kama mjuavyo, ukishatoa anwani, polisi wa mtaa huja kuhakikisha kwamba kweli unaishi hapo. Mwenye nyumba wetu hakutaka jina letu liwekwe kwenye kengele ya mlango. Polisi akaja, hakuona jina, akaondoka. Baada ya wiki chache mwenye nyumba akatutaka tuhame. Mtoto alikuwa anacheza tumboni, na sisi hatujaandikwa popote.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Bukavu tuliyekutana naye kanisani, anayekaa karibu na Matonge. Nyumbani kwake walikuwa watu saba katika vyumba viwili. Hakutuuliza tutakaa muda gani. Alisema tu, "Karibuni, tutabanana." Mwanangu huyu mchoraji alilala miezi yake ya kwanza kwenye droo ya kabati iliyotandikwa blanketi. Ndiyo hori yake.

Laiti simulizi ingeishia hapo. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Desemba, simu yangu iliita. Alikuwa dada mmoja kutoka nyumbani, ana mtoto mchanga, amepewa namba yangu na mtu tunayefahamiana. Aliomba sehemu ya kulala wiki mbili tu. Nilikuwa nimechoka, na mashemeji walikuwa wanakuja kwa sikukuu. Nikamwambia, "Pole sana dada, nyumba yetu ni ndogo." Sikusema uongo. Sisi tulikuwa watatu katika vyumba viwili.

Baada ya siku nne moyo ulinisuta, nikampigia. Namba haikupatikana. Mpaka leo sijui alilala wapi.

Kwa hiyo mwaka huu, nilipoisoma tena Luka sura ya 2, nilimtafuta yule mwenye nyumba ya wageni aliyewafukuza Yusufu na Mariamu. Nilitaka nimwone mtu mbaya kuliko mimi. Hayumo! Katika maigizo yetu ya Krismasi kila mara kuna mtoto anayefungua mlango na kupaza sauti kwamba hakuna nafasi, lakini Luka hamtaji mtu wa namna hiyo. Tena neno la Kigiriki analotumia pale tunaposoma "nyumba ya wageni" ndilo analolitumia katika sura ya 22 kwa kile chumba ambamo Yesu alikula Pasaka na wanafunzi wake. Nyumba ya kulipia, ile ya Msamaria mwema katika sura ya 10, ina neno lake jingine. Ndiyo maana wapo walimu wa Biblia wanaoeleza kwamba huenda kilikuwa chumba cha wageni katika nyumba ya watu, nacho kilikuwa kimejaa.

Somo la kwanza nililopata ni hilo. Inawezekana Bethlehemu hapakuwa na mtu mkatili hata mmoja. Palikuwa na watu waliojaa, kama mimi nilivyojaa wageni wangu na uchovu wangu. Mlango unaweza kufungwa bila chuki yoyote.

Somo la pili ni la daftari. Mungu aliruhusu Mwanawe aingie duniani wakati wazazi wake wakisubiri kuandikwa. Watoto, mkisikia mtu anawadharau watu wanaosubiri karatasi, kumbukeni hilo.

Somo la tatu ni la wale wachungaji wasio na tai. Habari ililetwa kwanza kwa watu waliokuwa kazini usiku. Katika mji wetu hao ni wasafishaji wa ofisi, wauguzi wa zamu na madereva. Baadhi yao ni ninyi wazazi mnaosinzia kwenye benchi mkisubiri watoto watoke darasani. Msijione mko mbali na Mungu kwa sababu hamkuweza kufika ibada.

Rafiki wa mwanangu darasani ni Mwislamu. Aliposikia habari hii alisema kwamba katika Sura ya Maryam, Maryam alijifungua peke yake chini ya mtende. Watoto wawili wale wakakubaliana kwamba, kwa vyovyote, mtu alipaswa kumpa mama yule kitanda. Sina la kuongeza.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Zamani nilidhani mwenyeji anaponea zawadi anazoletewa. Sasa naona mgonjwa nilikuwa mimi.

Mwaka huu tumenunua godoro la kukunja, liko nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto. Namba yangu mwalimu anayo. Ikiwa kuna mtu unayemjua hana pa kulala sikukuu hii, mwambie apige. Tutabanana.

Heri ya Krismasi.