Nyumba Ijulikane Kabla ya Fundi Kufika

Nashuhudia jambo lililobadili kazi yangu, na likabadili pia namna ninavyowatazama watu wa kazi hii. Mimi ni mtu wa mitambo ya intaneti jijini Dar es Salaam. Nilianza enzi za laini za shaba, nikahamia kwenye faiba, na kwa miaka mingi niliamini kwamba uhodari wa fundi unaonekana pale anapokaa sebuleni kwa mteja, kompyuta mpakato magotini, akiandika amri moja baada ya nyingine mpaka taa ya kijani iwake. Leo naamini kwamba sehemu kubwa ya kumuunganisha mtu inatakiwa iwe imekwisha kabla fundi hajapiga hodi.

Nieleze kwanza tulivyokuwa tukifanya. Fundi alifika nyumbani, akavuta waya kutoka kwenye nguzo, akachomeka kifaa, kisha akapiga simu kituoni. Aliyekuwa kituoni aliingia kwenye mtambo mkuu, ule tunaouita OLT, akatafuta kifaa kigeni kilichojitokeza, akakisajili, akakipa kasi aliyoilipia mteja, akakipangia njia yake ya data, halafu akamsomea fundi kwa simu jina la mtumiaji na neno la siri ili ayaingize kwa mkono. "Rudia hapo, ni B ya baba au D ya dada?" Siku nzima ilijaa mazungumzo ya namna hiyo. Waliozijua amri za mtambo walikuwa wachache. Mmoja wao akienda msibani Moshi, mafundi walikaa barazani kwa wateja wakingoja simu yao ipokelewe. Nakumbuka mama mmoja wa Tabata mwenye duka la vifaa vya ofisi na uchapaji, aliyetungoja tangu asubuhi huku wanafunzi wa chuo wakija na flashi zao na kuondoka. Hakutukana. Alitukaribisha maji, akauliza kwa upole kama itafika jioni. Nilimhurumia, lakini niliona kungoja ni tabia ya kazi yenyewe, jambo lisilo na dawa.

Na haikuwa bahari iliyotuchelewesha. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na tangu hapo uwezo wa kuufikia ulimwengu ulikuwepo. Ugumu wetu ulikuwa katika mita mia mbili za mwisho, kati ya nguzo na sebule.

Faiba ya majumbani kwa sehemu kubwa hupita kwenye mfumo uitwao GPON. Uzi mmoja wa kioo hutoka kituoni hadi kwenye boksi la mtaani, na humo mwanga hugawanywa kwenda nyumba 32, pengine 64, bila umeme wowote njiani. Mfumo huo unaweza kufika kilomita 20. Mwanga unaoshuka hubeba gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde, na unaopanda hubeba nusu yake. Nyumba zote 32 hupokea mwanga uleule, na kila kifaa huchukua kilichoandikiwa chenyewe tu. Kwa hiyo OLT haina budi kumjua kila mmoja. Kila kifaa hutoka kiwandani na namba yake: herufi nne za mtengenezaji, kisha tarakimu na herufi nane. Kikichomekwa, hujitambulisha kwa namba hiyo. OLT isipokitambua, hukiweka pembeni mpaka mtu aamue kifanyiwe nini.

Swali lililokuja kunibadilisha lilitoka hapo. Kama ni mtu anayeamua, kwa nini aamue siku hiyo, kwa haraka, huku mteja amesimama mlangoni?

Aliyeniuliza hivyo ni dada mmoja mhandisi, mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo. Tulikuwa tunajiandaa kupeleka faiba eneo jipya upande wa Goba. Alinikalisha mbele ya programu ya usimamizi wa mtandao, akaniambia nianze kuingiza mitambo ya eneo lile. Nilishangaa.

"Dada, mitambo yenyewe iko bandarini, hata ushuru haujalipwa. Tunaingiza nini?"

"Tunaingiza nyumba, mdogo wangu. Mitambo itazikuta."

Programu ile niliijua kwa muda mrefu, lakini niliitumia kutazama hitilafu tu: poti ipi imekufa, kadi ipi imepata joto. Sikuwa nimeitumia kuelezea kitu ambacho bado hakipo. Nayo inaruhusu. Unaitajia kwamba kituo fulani kitakuwa na mtambo wa aina fulani, kwenye nafasi ya tatu kutakaa kadi ya poti 16, kwenye poti ya tano patakuwa na nyumba 32, na nyumba ya kumi na nne itapewa kasi hii, njia hii ya data na simu au isipewe simu. Yote hayo inayahifadhi kama mpango unaosubiri. Kadi ikichomekwa, programu inalinganisha ilichokikuta na ilichoambiwa. Vikilingana, inaishushia maelezo yake yote. Visipolingana, kwa mfano mtu akiweka kadi ya poti nane palipoandikwa 16, inapiga kelele palepale. Ni sawa na kamati ya harusi iliyokwisha kuandika kadi na kupanga meza: mgeni akifika getini, jina lake linatafutwa tu.

Kwa vifaa vya nyumbani kuna njia mbili za kutambua, na hapa nina msimamo. Ya kwanza ni kuifunga nyumba kwa namba ya kiwandani ya kifaa. Ya pili ni kumpa fundi msimbo wa usajili wa nyumba ile, auingize kwenye kifaa chochote alichonacho garini. Wapo wanaoipenda ya kwanza kwa sababu ya usalama wake. Mimi naitetea ya pili. Vifaa hupangwa garini haraka asubuhi, kimoja kinakutwa kibovu, kingine kinapelekwa mtaa wa pili, na namba iliyofungwa na nyumba ya mzee mmoja wa Salasala inajikuta ikiwaka kwa jirani yake. Msimbo ni wa nyumba. Kifaa kinaweza kubadilishwa hata mara tatu na nyumba ikabaki ileile.

Kifaa kikishakubaliwa na OLT, kinabaki na mambo yake ya ndani: jina la waifai, neno la siri, toleo la programu. Kwa hayo kuna utaratibu wa TR-069, uliotolewa mwaka 2004 na muungano wa makampuni ambao leo unaitwa Broadband Forum. Kifaa kinapoomba anwani ya mtandao, kinapewa pia anwani ya seva ya usimamizi. Kinaibishia hodi seva hiyo, kinajieleza, kinapewa kilichoandaliwa. Fundi hasomewi kitu kwa simu.

Ugumu wa kweli tuliukuta mahali ambapo vitabu vya mitambo havipataji. Programu inataka kila nyumba iwe na jina moja lisilobadilika. Sisi tulikuwa na nini? Fomu za wateja ziliandikwa "geti jeusi baada ya mwembe", "ukifika kwa Mangi uliza nyumba ya mwalimu", "ghorofa ambalo halijaisha". Geti linapakwa rangi ya bluu, Mangi anahama, ghorofa linaisha. Unawezaje kuiandalia poti nyumba ambayo mafundi wawili wanaweza kuielewa tofauti? Nilikaa na fomu zile, ndipo nikaelewa kwa nini tulizoea kuamua kila kitu sebuleni: ni sebuleni tu tulikojua kwa hakika tuko wapi.

Kisha ikaja kazi ya anwani za makazi, mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23. Mitaa ikapata majina yaliyoandikwa kwenye vibao, nyumba zikapata namba milangoni. Wengi waliichukulia kama maandalizi ya kuhesabiwa. Kwangu ilikuwa zaidi ya hapo. Tulianza kutembea mtaa kwa mtaa, tukiongozana na wajumbe wa shina, tukaoanisha kila poti ya kila boksi la nguzoni na namba ya nyumba inayoweza kuifikia. Wajumbe hawa ndio maktaba ya mtaa. Wanajua nyumba ipi ina wapangaji sita na ipi ina mjane anayeishi na wajukuu, kiwanja kipi kina kesi, nani hataki waya upite juu ya bati lake. Mzee mmoja, baada ya shikamoo zetu, alituuliza kama namba tunazoandika zitamletea kodi. Tulikaa naye kwenye benchi tukamwonyesha ramani kwenye simu. Mwishowe alitusahihishia nyumba mbili tulizozigeuza upande.

Mitambo ilipotoka bandarini na kufungwa, kadi zilisoma maelezo yake na kukaa tayari. Siku ya kuunganisha nyumba za kwanza nilimfuata binti mmoja aliyehitimu VETA, ambaye hakuwahi kufundishwa amri hata moja ya OLT. Alichomeka kifaa, akaingiza msimbo, taa ikapepesa kisha ikatulia. Waifai ikatokea kwa jina alilochagua mteja ofisini. Hakumpigia mtu simu. Nilisimama pale nikijua kwamba kitu nilichokuwa nakilinda kama heshima ya fundi kilikuwa kizuizi kwa mafundi wengi zaidi, hasa vijana waliokuwa na mikono mizuri lakini hawakupata nafasi ya kukaa karibu na waliozijua amri.

Na muda uliobaki aliutumia kwa kazi ambayo hakuna programu itakayoifanya. Alisafisha ncha ya kiunganishi, maana chembe ya vumbi tu inatosha kula mwanga. Akapima mwanga unaofika. Kila mwanga unapogawanywa sehemu mbili hupoteza nusu ya nguvu zake, yaani desibeli 3, na kugawa kwa 32 hula desibeli kama 17 ukijumlisha hasara ya kigawanyio chenyewe. Kwa vifaa vya daraja tunalotumia, nyumbani pakipokea chini ya -27 dBm laini inayumba. Yeye alipata -24, akakunja uso, akaurudia mkunjo wa waya uliobanwa na dirisha, ikawa -20. Zamani, kwa foleni ya simu tuliyokuwa nayo, -24 ingeachwa, na mteja angetupigia wakati wa masika.

Sifichi kwamba nguvu hii inatisha. Novemba 2016, nchini Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipotelewa na huduma baada ya washambuliaji waliotumia programu hasidi ya Mirai kuigonga poti 7547, ileile inayotumika kwa usimamizi wa mbali wa ruta. Ndiyo maana kwetu mlango huo hausikilizi mtu yeyote isipokuwa seva yetu. Na kosa dogo kwenye profaili moja, ambalo zamani lingemfikia mteja mmoja, sasa linaweza kuufikia mji. Kila badiliko tunalijaribu kwanza kwenye vifaa vya mezani, kisha mtaa mmoja, kisha tunangoja, ndipo tunasambaza. Kuna pia heshima ya mteja. Kutoka kwenye kiti changu naweza kuona simu ngapi zimejiunga na waifai ya nyumba fulani. Siyo kila mtu kituoni apewe jicho hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa lugha ya kulisemea, lakini mimi nalisimamia kwa sababu nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu.

Kama bado nilikuwa na shaka, iliondoka usiku mmoja wa mvua, umeme uliporuka na kuunguza kadi nzima. Poti 16, kila moja nyumba 32: nyumba 512 gizani. Zamani tungetafuta maelezo ya kila nyumba kwenye madaftari na kumbukumbu za watu. Usiku ule fundi wa zamu alichomoa iliyoungua, akachomeka ya akiba. Mpango ulikuwa umekaa kwenye programu, ukashuka wote. Nyumba zikaanza kurudi moja baada ya nyingine kwenye kioo changu, kila moja kwa namba yake na mtaa wake, na hakuna mteja aliyegongewa mlango.

Sasa tunaiandaa Chanika. Huko viwanja vinakatwa kila wiki, na nyumba nyingi zimejengwa baada ya vibao kuwekwa, kwa hiyo hazina namba. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa atupe wajumbe wawili Jumamosi, na nimewaomba wanaouza huduma wasimwandikishe mteja yeyote kwa alama ya mti. Mitambo inatarajiwa mwezi ujao. Poti ya kwanza ya kadi ya kwanza nimeshaiandika yote, nyumba 32, isipokuwa nafasi mbili ambazo mjumbe anasema warithi bado hawajakubaliana nani atabaki kwenye nyumba ya baba yao. Hizo nimeziacha wazi.