Chai na Mandazi Masaka

Ninyi mlio bado madarasani, nimeona vema niwaandikie habari ya siku niliyoingia nyumba yangu mwenyewe. Si habari ya ushujaa. Ni habari ya chai, mandazi, karanga na mahindi. Lakini nusura iniponze, na ndiyo maana naisimulia.

Tangu nilipotoka shuleni na kurudi kwetu Rwanda, nilikaa miaka mingi katika chumba cha kupanga huko Biryogo, mjini Kigali. Mwaka 2023 nikajaliwa kumaliza nyumba ya vyumba viwili Masaka. Masaka imo katika Wilaya ya Kicukiro, pembeni mwa mji upande wa mashariki, karibu na barabara kuu iendayo Rwamagana. Kiwanda cha Inyange, kitengenezacho maziwa na maji ya matunda, kiko huko. Lakini ukishuka mabondeni utakuta mahindi na migomba kama shambani po pote.

Basi kwetu mtu hahamii kimya kimya. Iko desturi iitwayo gutaha inzu, yaani kuingia nyumba. Majirani, ndugu na rafiki huja kuitazama, kumwombea mwenyewe heri, na kunywa. Neno hilo la kunywa ndilo lililonikosesha usingizi. Tangu zamani mgeni wa Kinyarwanda hakuondoka bila kinywaji; wazee walikaa wakizunguka chungu kimoja cha pombe ya ndizi au ya mtama, wakanywa kwa mirija. Na siku hizi wengi hupima heshima ya mwenye nyumba kwa kuhesabu makasha ya bia mlangoni.

Nilialika watu 20, siku ya Jumapili moja ya mwezi wa Desemba. Nikashika kalamu nikafanya hesabu. Bia chupa mbili kwa kila mtu, kwa faranga 1,000 chupa moja, ni 40,000. Mshikaki mmoja wa mbuzi kwa kila mtu, nao kwa 1,000, ni 20,000. Jumla 60,000. Mkononi nilikuwa na 25,000 tu. Saruji na mabati yalikwisha kula zilizosalia.

Lakini ndani ya sanduku langu ilikuwamo bahasha yenye faranga 85,000. Hiyo ilikuwa karo ya mdogo wangu wa kike, kwa muhula uliokuwa unaanza mwezi wa Januari. Kiasi hicho ndicho serikali yetu ilichokiweka mwaka 2022 kwa wanafunzi wa bweni katika shule za sekondari za umma. Baba yetu hayupo tena, na karo hiyo ilikuwa juu yangu. Jumamosi jioni nikafungua bahasha, nikatoa 35,000, nikazitia mfukoni. Nikajiambia kwamba nitazirudisha mshahara utakapotoka. Ila mshahara ulikuwa utoke mwisho wa Januari, na shule ilikuwa ifunguliwe mwanzo wake. Nilijua hesabu hiyo vema, nami nikajifanya siijui.

Nikashuka hadi dukani. Mwenye duka akaniuliza, "Makasha mangapi?" Nikafungua kinywa, nisijibu. Nilimkumbuka mdogo wangu alivyorudishwa nyumbani zamani kwa kukosa karo, akakaa jikoni juma zima, akisoma daftari lile lile mpaka karatasi zikachakaa. Nikamwambia mwenye duka, "Nipe unga wa ngano, kilo tatu." Akanitazama kama mtu aliyepotea njia.

Haya ndiyo niliyonunua, nami nayaandika ili mwenye haja ajue. Unga wa ngano kilo tatu, 4,200. Sukari kilo mbili, 3,000. Mafuta lita moja, 2,500. Hamira, 200. Maziwa lita sita, 3,600. Majani ya chai na tangawizi, 1,000. Karanga kilo mbili, 4,000. Mahindi mabichi 20 kutoka bondeni, 3,000. Makaa, 2,000. Jumla faranga 23,500, nikabakiwa na 1,500. Zile 35,000 zikarudi katika bahasha usiku ule ule.

Asubuhi mdogo wangu akakanda unga mapema, ukaumuka, akakaanga mandazi. Mimi nikakaanga karanga kwa chumvi na kuchoma mahindi. Chai tuliipika kwa maziwa mengi na tangawizi iliyopondwa, nayo ikapelekwa nje ikiwa moto. Viti tuliazima kwa majirani, na vikombe pia. Vijana, jueni jambo hili: chakula cha bei nafuu hakivumilii kucheleweshwa. Andazi la moto ni karamu. Andazi lililolala ni adhabu.

Wageni wakaja saa tisa. Mwenzangu mmoja wa kazini akachungulia ndani, akachungulia nyuma ya nyumba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Bwana, tumekuja kuingia nyumba au tumekuja matangani?" Baadhi wakacheka. Nilitamani sakafu mpya ipasuke inimeze. Mdogo wangu alikuwa amesimama na sinia. Nikaona mikono yake inatetemeka.

Hapo akanyanyuka mzee jirani yangu, mtu wa Masaka tangu enzi za mashamba. Akasema, "Mwanangu, mbona hujasogongera?" Neno hilo lina maana ya mwenyeji kuonja kinywaji kwanza mbele ya wageni, ili wajue ni salama. Ni desturi ya pombe, wala sikupata kuisikia ikitajwa kwa chai. Nikamimina kikombe, nikanywa mbele ya watu wote, nikaungua ulimi. Mzee akapokea cha pili, akanywa kwa taratibu, akasema, "Nimeingia nyumba nyingi hapa kwetu. Nyingine nilikunywa bia yake, na baada ya miezi mitatu nikaona mlango unauzwa. Nyumba hii nataka kuingia tena." Kisha akamtuma mjukuu wake nyumbani, akarudi na dumu la umutobe, maji ya ndizi. Ndizi hizo huivishwa shimoni kwa siku kadhaa, kisha hukamuliwa kwa majani. Ukiyatia unga wa mtama na kuyaacha yachache, huwa pombe ya urwagwa. Haya yalikuwa bado matamu. Mama mmoja naye akaenda kwake kuleta viazi vitamu vilivyochemshwa. Kumbe majirani walikuwa tayari kuleta, ila mwenye makasha ya bia haletewi viazi.

Tulikaa mpaka giza likaingia. Mwenzangu yule alikula mandazi sita. Nilimhesabia, Mungu anisamehe. Alipoaga alinishika mkono akasema kwamba yeye bado analipa deni la karamu ya nyumba yake. Hapo hasira yangu ikaisha.

Tulipokuwa tukiosha vikombe mdogo wangu akaniambia, "Kaka, jana jioni nilikuona ukifungua sanduku." Sikuwa na la kusema. Akaongeza, "Usiku nilikuona ukilifungua tena." Akaendelea kuosha. Mwezi wa Januari alipanda gari na bahasha yake, faranga 85,000 kamili.

Basi, wenzangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akope. Mtakapojenga, nami nawaombea mjenge, alikeni watu mnaoweza kuwalisha, walisheni mlicho nacho kingali moto, na onjeni kwanza. Atakayepita Masaka aulize kwangu. Birika liko, na mahindi ya bondeni yakikomaa hayana bei kubwa.