Paka wa Nyumba ya Wageni

Kupokea wageni ndiyo kazi iliyonilea mimi na watoto wangu. Nilianza nikiwa mchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho, kikapu mgongoni, majani mawili na kichipukizi, mvua ikitukuta shambani karibu kila alasiri. Baadaye nikahamishiwa jikoni kwa kuwa nilijua kuoka mkate, na mwishowe nikakabidhiwa funguo za nyumba ya wageni ya kampuni. Nyumba yenyewe ni ya zamani: paa la mabati, veranda ndefu, moto wa kuni sebuleni, na chai mpaka macho yachoke.

Wageni wetu walikuwa wa kila aina. Walikuja wanunuzi na waonjaji kutoka Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia mwaka 1969 ukitoka Nairobi. Walikuja mafundi wa mitambo, wataalamu wa miche, na wakaguzi, ambao walizidi baada ya mashamba ya Unilever kule Kericho kupata cheti cha Rainforest Alliance mwaka 2007. Wengine walilala usiku mmoja, wengine wakamaliza mwezi.

Katikati ya watu hao wote aliishi Majani, paka wa rangi ya kahawia iliyoiva kama chai iliyotoka kwenye kikaushio. Vijana wa boila la kiwandani ndio walioniletea. Alikuwa amezaliwa nyuma ya rundo la magogo ya mikaratusi yanayosubiri tanuri, na alipofika kwangu meno yake ya utotoni yalikuwa yameanza kung'oka. Paka hujifunza kuzoea binadamu akiwa mchanga sana, kuanzia juma la pili hivi hadi la saba. Majani aliyapitisha majuma hayo akisikia mashine na shoka, hakuna mkono uliomgusa. Mimi alinizoea kwa sababu ya chakula na kwa sababu sikuwa na haraka naye. Mgeni kwake alikuwa jambo jingine.

Gari liliposikika langoni, masikio yalilala, mboni zikatanuka mpaka macho yakawa meusi, mkia ukaingia chini ya tumbo, naye akatokomea. Wenzangu jikoni walisema tumpeleke kiwandani akalinde stoo, kwamba paka asiyeonekana na wageni ni hasara. Nilikataa. Panya wa stoo yetu ya unga alikuwa anawamaliza, na hata kama asingewamaliza, kiumbe aliyeniamini singemfukuza kwa kosa la kuogopa.

Stoo hiyo hiyo ndiyo iliyonipa dawa. Kabla ya magunia ya karatasi, chai ilisafirishwa kwa makasha ya mbao nyembamba, kingo zimefungwa vipande vya bati, ndani kuna karatasi ya kung'aa. Lilikuwa limebaki moja, limejaa balbu zilizoungua. Nilimwomba seremala ang'oe bati na misumari yote iliyochomoza, apige msasa, akate mlango ubavuni unaomtosha paka tu. Tukaliweka juu ya kabati katika chumba changu kidogo nyuma ya jikoni, maana paka mwenye hofu hupenda kuwa juu akiona mlango. Ndani nikatandika sweta langu kuukuu. Sweta hilo sikulifua wageni walipokaribia, hata lilipojaa manyoya, kwa sababu harufu yake na yangu ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba hapa ni kwake.

Chumba hicho kikawa na kila kitu: maji, chakula, beseni la mchanga mbali na chakula, na mlango ulioachwa wazi kiasi cha kupita kichwa. Nilimpeleka huko kabla ya gari kufika. Ukingoja mpaka mizigo inashushwa umechelewa, atakimbilia uvunguni mwa kitanda cha mgeni na hapo shida inaanza. Kulisha nikalisha saa zile zile, wageni wawepo wasiwepo. Na sahani niliikagua kila jioni, kwa sababu paka aliyekataa kula siku nzima ni wa kuangaliwa, na zikigonga mbili au tatu ini lake linaweza kuharibika, hasa akiwa mnene.

Waonjaji ndio waliomtesa zaidi. Mwonjaji hanywi chai kama mimi na wewe. Huivuta kwa kijiko kwa kishindo, hewa na chai vikaingia pamoja mpaka nyuma ya ulimi, kisha huitema. Walipopanga vikombe verandani asubuhi na kuanza, Majani aliruka ukuta. Sikuweza kuwaambia waonje kimya, hiyo ndiyo kazi yao na waliijua vizuri sana. Nilichoweza ni kufunga mlango wa jikoni na kuwasha redio kwa sauti ya chini, ili kishindo kisimfikie kikiwa peke yake.

Kwa wageni nilikuwa na maneno yangu machache, nikiyasema wakati wa kuwaonyesha bafu: kuna paka, ni mwoga, msimwite, msimfuate, msimkodolee macho. Mkimkuta sebuleni, kaeni chini muendelee na yenu. Wengi walielewa. Mmoja hakuelewa, akapiga magoti uvunguni, akamshika Majani mguu na kumvuta. Alikwaruzwa mpaka damu. Nilimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, nikampeleka zahanati jioni ile ile, kwa maana kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli katika nchi yetu na jeraha la mnyama halisubiri kesho. Majani alikuwa amechanjwa, na kadi yake niliitoa. Mgeni alitaka paka aondolewe. Nilimjibu kwa adabu zote kwamba aliyevutwa mguu kitandani angefanya hivyo hivyo, hata awe mtu.

Mgeni mwingine, mama mmoja mtaalamu wa miche, alikaa mwezi mzima. Nilimwomba taulo aliyokwisha kuitumia, nikaiweka karibu na sahani ya Majani ili amzoee kwa pua kwanza. Siku zikapita. Jioni moja ya mvua ya mawe, mabati yakinguruma, Majani alitokea mwenyewe, akaketi kwenye kizingiti cha sebule. Yule mama hakusogea. Alimtazama, akafumba macho polepole, akayafumbua, kisha akageuza uso kwenye moto. Majani naye akafumba. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo hilo: paka alimkaribia zaidi mtu asiyemfahamu baada ya kufumbiwa macho polepole kuliko alipokaziwa uso mkavu. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama niliyeandikiwa barua.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, korona iliingia Kenya na nyumba ikakosa wageni. Majani alihamia sebuleni, akachagua kiti karibu na moto. Safari ziliporudi nilijua amesahau watu, hivyo niliomba ofisi tuanze na mgeni mmoja mtulivu kabla ya makundi, nao wakakubali. Tulirudi kwenye kasha, sweta na redio kama mwanzo, na safari hii hakuchukua muda mrefu.

Nilipostaafu nilikuja naye nyumbani Bomet, ambako nina chai kidogo inayokwenda kiwanda cha Kapkoros. Nilidhani wageni wamekwisha. Kumbe mwenye binti nyumbani hajamaliza wageni! Siku ya koito, yaani sherehe ya uchumba, ya binti yangu walijaa wakwe, wajomba na majirani, wazee sebuleni na mursik, maziwa yetu ya mgando, ikizunguka, akina mama wakiimba uani. Mjukuu wangu alitaka kuwaonyesha paka.

"Kogo, nimtoe kidogo tu wamwone?"

"Mwache, mama. Akitaka atakuja. Asipotaka, wewe nenda uwasalimie kwa niaba yake."

Alikwenda akawasalimia mmoja mmoja, kisha akarudi kukaa mlangoni pa chumba akizuia watoto wenzake. Majani hakutoka siku ile. Alikula usiku, magari yalipoondoka, sahani ikabaki tupu, nami nikalala vizuri. Wakwe watarudi Desemba, safari hii kwa arusi, na ufunguo wa chumba tumekubaliana ataushika mjukuu.