Chandarua Jangwani

Chandarua ni neno lililopunguziwa kazi. Ukilitaja leo, kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, msikiaji ataona kitanda, mbu na kampeni ya malaria. Wazee wetu hawakulifungia chumbani namna hiyo. Kwao chandarua kilikuwa nguo yoyote iliyotandwa juu ya vichwa vya watu kuwakinga na jua au umande: juu ya sitaha ya jahazi lililotia nanga, juu ya kiti cha mwenye cheo, juu ya wageni wa harusi. Kamusi za zamani bado zinaihifadhi maana hiyo, na ni sisi wasemaji tulioiacha. Mimi niliihitaji mwezi wa Januari mwaka 2023, katika jangwa la Arizona, nikiwa nimesimama ubavuni mwa gari la kaka yangu, na mkononi nina kijitabu cha maelekezo ambacho hakuwa na haja ya kufasiriwa, lakini alinitaka nimfasirie.

"Kiingereza nakijua," aliniambia. "Nisomee kwa lugha ya nyumbani nipate kuelewa."

Kaka yangu aliondoka Unguja mwaka 1983 kwa kazi ya ubaharia, kama walivyoondoka vijana wengi wa rika lake. Alishuka melini, akaendesha malori ya masafa miaka zaidi ya ishirini, na alipostaafu akauza alichokuwa nacho akanunua gari-nyumba. Sina jina jingine la kukiita chombo kile. Ni gari lenye kitanda, jiko, choo na madirisha yenye mapazia. Wenye nayo huyahamisha maskani yao kufuata hali ya hewa. Majira ya baridi maelfu kwa maelfu yao hukusanyika Quartzsite, mji mdogo ulio karibu na mpaka wa California, ambao ardhi ya umma inayouzunguka inaruhusu watu kukaa kwa kibali. Wakati wa joto kali mji hubaki na wakaazi wachache tu. Januari hujaa magari mpaka upeo wa macho, na kando ya barabara hutandazwa meza za wauza mawe, visu, ngozi na vyuma chakavu.

Nilikwenda kumchukua. Neno hilo sikulitamka nilipofika, naye hakuniuliza. Mama yetu ana miaka 84, na alikuwa amekwisha kusema mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba angependa kumwona mwanawe kabla hajaondoka. Baba alipofariki mwaka 1997 kaka alifika siku tatu baada ya maziko. Alikaa juma moja, akarudi zake. Safari hii alikuwa na jibu tayari: atakuja, lakini kwanza auze gari, kwani fedha zake zote zimo humo, na gari haliuziki maadamu chandarua chake ni kibovu. Mnunuzi wa kwanza alikwisha kukibonyeza, akaona, akaenda zake.

Basi maisha ya mama yakaning'inia kwenye kitufe.

Chombo chenyewe ni rahisi kukieleza. Ubavuni mwa gari, juu ya mlango, kuna bomba refu la alumini lililoviringishiwa kitambaa. Ndani ya ncha moja ya bomba imefichwa mota ndogo ya volti 12. Ukibonyeza, mota huzunguka, kitambaa hufunguka, na mikono miwili ya chuma huusukuma ukingo wake nje mpaka kivuli cha kutosha watu sita kipatikane. Ukibonyeza upande wa pili, hukunjika. Mota haina akili mbili: swichi hubadilisha tu waya ipi ipokee chanya na ipi hasi, nayo huzunguka kinyume. Nililipenda jambo hilo tangu niliposoma, kwamba kutandika na kukunja ni kazi moja iliyogeuzwa njia.

Ubaya wake ulikuwa huu. Asubuhi kilifunguka hadi nusu, kikapunguza mwendo, kikaguna, kikasimama. Fundi mmoja wa pale alikwisha kutoa hukumu bila ya kukigusa: mota imekufa, inunuliwe mpya, na bei aliyoitaja ilitosha nusu ya tiketi ya kurudia nyumbani.

Hapa niseme kidogo juu ya elimu yangu, kwani kuna watakaouliza mshairi anatafuta nini ndani ya mota. Sikupita chuo. Kiingereza nilijifunza kwa makaratasi yaliyofungiwa bidhaa, na kazi yangu ya kwanza ya tafsiri iliyolipwa ilikuwa kijitabu cha mashine ya boti, alichoniletea mfanyabiashara wa Darajani. Mashairi ya watu wa mbali niliyoyafasiri baadaye sikulipwa, ila kwa shukurani. Lakini vijitabu vile vilinifunza tabia moja ambayo imenifaa katika mashairi pia: usibadilishe neno kabla hujajua ni neno gani lililokosa. Mafundi wengi, kama wafasiri wengi, hukimbilia kubadilisha lile kubwa linaloonekana.

Tuliifunga kwanza mikono ya chuma kwa kamba. Hili haliachwi. Ndani ya mikono ile mna mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, na kinachoizuia isifyatuke ni mota na kitambaa. Anayelegeza kimoja bila ya kufunga kamba anaweza kuvunjwa taya. Kaka alipiga fundo la kibaharia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona akifanya jambo bila ya kufikiri.

Kisha tukachomoa waya mbili za mota kwenye kiungio chake, tukazigusisha na betri tuliyoileta karibu. Mota ikanguruma kwa afya yote. Haikuwa imekufa. Tulipoligeuza bomba sentimita chache tu kwenda na kurudi, kaka akalitazama kama mtu aliyeambiwa habari ya mgonjwa.

Kama mota ni nzima na betri ni nzima (ilisoma volti 12.6 asubuhi ile, nayo ndiyo shibe yake), basi umeme unapotea njiani. Jambo la ajabu ni kwamba ukipima mwisho wa waya bila ya kuitwika kazi, utasoma volti zote zimefika. Waya iliyooza huonekana salama maadamu haijaombwa kitu. Umeme usipotembea hakuna kinachopotea. Lakini ifunge mota, bonyeza kitufe, na upime wakati uleule inapohangaika: mota ikivuta ampea 8, na mahali fulani pana kutu yenye ukinzani wa nusu omu tu, volti 4 huliwa hapohapo, na mota hubakiwa na 8 na kidogo. Kwa nguvu hiyo itaanza safari isiyoweza kuimaliza.

Kupima namna hiyo kunataka watu wawili. Mmoja akae ndani kwenye swichi, mwengine awe nje na kipimo. Tulishinda hivyo mpaka adhuhuri, tukipigiana kelele kupitia dirisha dogo la jikoni.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Achia!"

"Ngapi?"

"Nane na nukta tatu. Achia, kaka, achia!"

Majirani walidhani tunagombana. Mzee mmoja alikuja na kiti chake cha kukunja kusikiliza. Nadhani katika miaka arubaini sisi wawili hatujapata kusemezana maneno mengi hivyo kwa siku moja, ijapokuwa karibu yote yalikuwa tarakimu.

Tulikipata kiungio kibovu nyuma ya kifuniko cha plastiki, pale waya zinapotoka ukutani mwa gari kuingia kwenye mkono wa chuma. Shaba ilikuwa imegeuka kijani, unga kabisa, ukiigusa inamwagika. Nikauliza jangwa hili limepata wapi unyevu wa kufanya hivi. Kaka akacheka. Gari lile, kabla hajalinunua, lilikaa miaka kando ya bahari huko Galveston, Texas.

"Chumvi," alisema. "Mpaka huku."

Tulikata sehemu iliyoliwa, tukamenya waya mpaka tukafika kwenye shaba nyekundu, tukaunga kwa viungio vipya, tukapaka grisi na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Vifaa vyote vilitugharimu chini ya dola 20 kwenye meza za barabarani. Tulipobonyeza, kitambaa kilitoka mpaka mwisho pasipo kusita.

Hapo ndipo tulipoiona kazi ya pili. Upindo wa upande wa kushoto ulikuwa umefumuka karibu urefu wa mkono. Kitambaa hakikuwa na kasoro. Uzi ndio uliokwisha. Jua hula uzi kabla ya kula nguo. Upepo wa jangwani humalizia, na upepo ndio adui mkubwa wa vyandarua hivi: wenye magari wakiona vumbi linasimama kwa mbali huvikunja haraka, kwani vikishikwa vimefunguka huweza kung'olewa pamoja na mikono yake. Tanga huutafuta upepo, chandarua huukimbia. Ukivitazama vimelala chini, hata hivyo, huvitofautishi.

Baba yetu alikuwa fundi wa kushona matanga pale Malindi. Alishonea marekani, na kwa vijana wasiolijua jina hilo, ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza akafika Unguja, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa hicho na kurudi na pembe na sandarusi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata biashara ile. Viwanda vya Uingereza na Bombay vikashika nafasi, na hata baada ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, nguo iliyofumwa kwetu iliendelea kuitwa marekani. Mimi na kaka tuliijua nchi ile kwa kukalia kitambaa chake. Kazi yetu ilikuwa kushika upindo usikunjike wakati baba akipitisha sindano.

Nilinunua uzi wa nta kwa muuza ngozi, na sindano nene. Kaka alikwisha kutoa gundi. Nilimwomba aiweke. Nikaketi chini nikaanza kushona kwa mkono wa baba: pinda mara mbili, na kila sindano ya nne rudi nyuma, ili uzi ukikatika mahali pamoja usifumuke wote. Sikuwahi kuambiwa sababu hiyo. Niliifahamu palepale, kwa kuona jinsi mshono wa mashine ulivyofumuka moja kwa moja kama sentensi isiyo na kituo. Baada ya muda kaka naye aliketi, akaushika upindo kwa vidole viwili, mahali hasa alipopaswa kushika.

Akaniuliza mama anatembea mpaka wapi siku hizi. Nikamwambia mpaka barazani. Akauliza je, anaona? Nikamwambia anaona sura, haoni uzi. Hakuuliza tena. Aliniambia badala yake habari ya kaburi lililoko mjini pale, nami nilikwisha kuliona: piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia wa shaba juu yake. Aliyezikwa ni Hadji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Uthmaniya, aliyeletwa mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Jaribio likaachwa, yeye akabaki. Alifariki mwaka 1902, na mnara ule ulijengwa mwaka 1935. Kaka humpitia kila msimu akamsomea Fatiha.

"Sijui kama yuko mwengine anayemsomea," alisema.

Nilitaka kumjibu. Nikakata uzi kwa meno.

Asubuhi iliyofuata tulimpigia mama saa tatu, ambayo kwake ni saa moja usiku, ameshasali Magharibi. Kaka aliielekeza simu juu ili aone. Mama aliuliza hilo ni tanga la nani. Kaka akamwambia si tanga, mama, ni chandarua. Mama akasema chandarua gani hakifiki chini, mbu watapita. Kaka akacheka mpaka akaikabidhi simu kwangu, akazunguka nyuma ya gari, akakaa huko kitambo.

Mnunuzi alikuja Alhamisi na mkewe. Alikifungua na kukifunga chandarua mara tatu. Mke alipitisha kidole juu ya upindo wa kushoto, akauliza ni mashine gani iliyoshona hivi. Kaka alimwonyesha mikono yangu. Wakapatana bei, akawapunguzia dola 200 kwa ajili ya tairi moja ya nyuma. Jioni ile alitoa vitu vyake ndani ya gari: sanduku mbili, msahafu, birika, na kijitabu cha chandarua, ambacho nilimkumbusha kuwa ni mali ya mnunuzi. Akakirudisha ndani, lakini kwanza aliyachomoa yale makaratasi niliyomwandikia kwa Kiswahili, akayakunja na kuyatia mfukoni.