Safari ya Jamaa: Toka Bunia Mpaka Kampala kwa Motokari



Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, watoto wanaanza kuuliza: "Baba, vakanse hii tutaenda wapi?" Kwa jamaa nyingi za Bunia, za Mongbwalu, za Nizi na Iga Barrière, jibu ni moja tu: "Utabaki hapa, utasaidia mama yako." Si jibu baya. Lakini wako wazazi waliojikaza, wameweka feza kidogo kidogo, na sasa wanataka kutembea na watoto katika miji ya inchi jirani, Uganda. Wanataka watoto waone mto Nile, waone mji wa Kampala, na zaidi ya yote waone ndugu waliokimbia vita na hawajarudi mpaka leo. Kwa hao ninaandika.

Neno la kwanza ni njia yenyewe. Toka Bunia mpaka Mahagi ni karibu kilometre 180. Mnaijua njia hii. Tangu Desemba 2017 watu wengi wameuawa pembeni yake katika teritware ya Djugu, na tangu Mei 2021 jimbo letu la Ituri liko chini ya utawala wa kijeshi. Kuna majuma njia ni nzuri, watu wanapita wakiimba. Kuna majuma haipitiki. Basi, usipange safari kwa kalenda tu. Uliza madereva wanaopita kila juma, si mmoja, watatu. Wakisema "ngojeni," mnangoja, hata kama mabegi yamekwisha kufungwa na watoto wanalia. Baba mmoja akitaka kujaribu peke yake, ni shauri lake. Lakini motokari ikiwa na mama na watoto watano ndani, hakuna kujaribu.

Wengine watasema: si afazali kupita ziwani? Toka Kasenyi ao Tchomia unavuka Ziwa Albert, unafika ngambo. Ni kweli, ni karibu. Lakini ziwa lile linabadilika upesi, na mitumbwi inajazwa watu na mizigo kupita kiasi. Kama hakuna jile ya kuogelea kwa kila mtoto, mimi singepandisha wangu. Ndege ya MAF nayo inaruka toka Bunia mpaka Entebbe, lakini hesabu ya jamaa nzima kwa ndege, tuiachie wenye nayo.

Kiisha, chagueni wakati. Vakanse kubwa kwetu ni Julai na Agosti. Kwa Uganda watoto wangali darasani karibu miezi hiyo yote. Wanafunga kwa juma chache tu kuelekea mwisho wa Agosti. Ukienda Julai utakuta binamu za watoto wako kwenye masomo, na wazazi wao wanahangaika na feza ya shule. Tena ni wakati wa mvua, na ninyi mnajua matope ya upande wa Fataki. Mwisho wa Desemba njia imekauka, na watoto wa pande zote mbili wako nyumbani. Shida yake ni kwamba bei ya basi inapanda karibu na Noeli. Kama mnaweza, ondokeni siku mbili tatu kiisha Noeli, ndipo njia inapungua watu.

Karatasi zisingoje juma la mwisho. Pasporti ya kila mtu, hata mtoto mchanga. Ile karatasi ndogo ya watu wa mpaka inakusaidia kufika sokoni ngambo, haikufikishi Kampala. Karte ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, kila mtu yake. Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, ao ni mtoto wa ndugu yako, uwe na barua ya wazazi wake iliyopigwa muhuri, maana watu wa mpaka wanaogopa biashara ya watoto, na wana haki ya kuogopa. Inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 2022, na mengi yamekuwa mepesi tangu hapo, lakini pitia kwanza DGM ya Bunia uulize sharti za mwezi ule. Mwenye motokari yake aongeze asiransi ya COMESA, ile inayoitwa karte ya manjano pia. Msichanganye karte hizi mbili! Moja ni ya mwili, moja ni ya motokari.

Siku ya kwanza msijaribu kuvuka mpaka. Laleni Mahagi. Sababu ni saa. Bunia tuko nyuma ya Uganda saa moja kamili: ukifika Mahagi saa 10 ya jioni, kwa Goli imekuwa tayari saa 11, na maofisa wanaanza kufunga vitabu. Jamaa inayokimbizana na saa mpakani ndiyo inayosahau karatasi kwenye meza na mtoto kwenye latrine.

Asubuhi mnavuka. Hapo dereva abadilishe kichwa chake: kwetu tunatembeza kuume, kwa Uganda ni kushoto. Motokari nyingi za Bunia zina usukani upande wa kuume kwa sababu zilitokea njia ileile, na hizo zinajikuta nyumbani. Lakini kama usukani wako uko kushoto, huoni mbele unapotaka kupita lori. Tia mtu mwenye akili kwenye kiti cha pembeni akuangalizie, si mtoto. Na waonye watoto kwamba kuvuka njia kwa miguu kunabadilika pia. Wataangalia upande mbaya kwanza.

Jambo moja kwa wasomaji wa machimbo, na mtanisamehe kusema waziwazi. Usitie dhahabu ndani ya begi ya mtoto. Tunajua wote dhahabu ya Ituri inakwenda wapi, na tunajua namna inavyopita. Safari ya jamaa ni safari ya jamaa. Ukikamatwa na mzigo ule, mama na watoto watalala mpakani pamoja nawe, na mtoto atakumbuka ile tu.

Ngambo ya Goli mtashangaa kidogo: ni Waalur palepale. Waliogawanywa na mpaka wa wazungu wangali wanaoana na kuzikana pande mbili. Salamu "afoyo" inafungua mlango Mahagi na inafungua mlango Nebbi. Toka Nebbi ni lami mpaka Kampala, na hapo watoto watalala usingizi kwa mara ya kwanza bila kugonga vichwa.

Waamsheni Pakwach! Pale mnapita juu ya Nile kwa daraja kubwa, na mara nyingine tembo wanaonekana karibu na njia. Msipige picha darajani, askari wanalilinda. Nunueni samaki ya kukaushwa, mkitaka, lakini ifungeni vizuri, maana harufu itakaa nanyi mpaka Kampala. Mbele kidogo ni Karuma, ambako Nile unapasuka juu ya mawe, na tangu 2024 wamefungua rasmi kiwanda cha umeme cha megawati 600. Nyani wanakaa pembeni ya njia wakingojea ndizi. Fungeni madirisha.

Kuna mafundisho hapa kwa mtoto mwenye masikio. Mto Shari wa Bunia unaingia Ituri, Ituri inaingia Aruwimi, Aruwimi inaingia mto Congo, na maji yanafika bahari ya Atlantiki. Lakini mvua inayonyesha upande wa pili wa milima yetu, ule unaotazama Ziwa Albert, inaingia Nile na kufika Misri. Mtoto wa Bunia anakaa kwenye mgongo wa nyumba: maji ya bati moja yanakwenda huku, ya bati lingine yanakwenda kule. Mwambie pale darajani, hatasahau.

Laleni Masindi. Msiendelee usiku. Ile njia kubwa ya Kampala na Gulu ina mabasi yanayokimbia sana. Oktoba 2025, karibu na Kiryandongo, watu zaidi ya 40 walikufa katika ajali moja iliyotokea katikati ya usiku. Kesho yake mnafika Hoima, mji wa wafalme wa Bunyoro. Mfalme Kabalega, aliyepigana na Waingereza mpaka walipomkamata mwaka wa 1899, amezikwa Mparo, karibu na mji. Siku hizi Hoima inasikika zaidi juu ya petroli ya Ziwa Albert. Ziwa ni moja, sisi tuko ukingo huu, na mafuta tunanunua kwa Kadhafi katika chupa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wanafanyia safari hii: Kyangwali. Kambi hii iko kusini-magharibi ya Hoima. Watu wa Ituri wamekuwa wakikimbilia kule tangu vita vya miaka ya 1999 mpaka 2003, na mwanzo wa 2018 watu makumi ya maelfu walivuka ziwa kwa majuma machache. Dada yetu mkubwa ni mmoja wao. Ana nyumba ya udongo, ana kipande cha shamba alichogawiwa, ana wajukuu ambao hawajaona Bunia hata siku moja. Watoto wenu watakuta nyanya ao shangazi wanayemjua kwa sauti ya telefone tu.

Basi, jitayarisheni kwa siku hizo kuliko kwa siku za Kampala. Pelekeni habari mapema, na mkifika mjionyeshe kwanza kwenye ofisi ya wakimbizi, kama inavyotakiwa kwa wageni. Msifike mikono mitupu. Misaada ya chakula kwa wakimbizi wa Uganda imepunguzwa sana miaka hii, na jamaa ya watu saba ikikaa siku mbili bila kuleta chakula, mmekula mwezi wao. Nunueni soko la Hoima: mchele, maharagwe, mafuta, chumvi, sabuni. Mama mwenye nyumba atasema, "Hapana, ninyi ni wageni." Mtamjibu, "Mama, ni mizigo ya njia tu, tumechoka kuibeba." Atapokea.

Mambo mawili zungumzeni na watoto kabla, usiku mmoja nyumbani, kwa utulivu. La kwanza: huko kambini wako watu wa kila kabila la Ituri, na wengine wamepoteza watu kwa mkono wa kabila la jirani yao. Mtoto asiulize mtu, "Wewe ni kabila gani?" hata kwa mchezo. La pili: asiulize, "Mtarudi lini?" Sisi wakubwa tunapenda kuliuliza neno hili kama salamu. Kwa mtu aliyeacha nyumba ikiwaka moto, si salamu. Kama yeye mwenyewe anataka kusema juu ya kurudi, atasema, kwa kawaida usiku, watoto wakiisha kulala. Wekeni siku mbili, msiweke moja. Siku ya kwanza ni ya machozi na kuku. Siku ya pili ndipo watu wanazungumza.

Toka Hoima mpaka Kampala ni karibu kilometre 200. Kampala mtaipata wenyewe, sisemi mengi. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye namba ya telefone yako ya Uganda, kwa sababu ile parki ya taxi inameza watu. Kiswahili wengi hawakipendi. Kwao kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, ijapokuwa mwaka wa 2022 serikali ilikipokea kama lugha rasmi ya pili. Anza na "oli otya, ssebo," kiisha mtasikilizana. Na mtoto akiambiwa chakula ni "posho," asifikiri ni feza ya kazi. Ni bugali ya mahindi.

Pandeni Namirembe, kwenye kanisa kuu la matofali mekundu lililomalizika 1919, muone mji wote chini. Toka inchi ile ndiko alikotoka Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka wa 1896, wakati mipaka ya leo haijachorwa bado. Alikufa 1933 na amezikwa Boga. Aliomba alazwe kichwa kikitazama msitu wa Congo, si kwao Buganda. Yeye alikuja kwa miguu.

Sasa, kata miji. Hapa wazazi wanashindwa. Jinja iko kilometre 80 tu toka Kampala, na ndipo Nile unapotoka katika Ziwa Victoria. Entebbe ina bustani ya wanyama. Fort Portal ina milima ya Rwenzori. Vyote ni vizuri. Lakini kwa siku kumi na mbili, na watoto, chagua kimoja tu. Mimi ningechukua Jinja, siku moja, kwenda na kurudi, kwa sababu mtoto aliyeona Nile Pakwach na Karuma ataona pia unapoanzia. Simba wa Entebbe wanaweza kungoja. Okapi tunaye sisi, kule Epulu, na watoto wetu wengi hawajamwona.

Feza, andikeni katika kaye moja: esanse ao basi, mpaka, kulala, kula, zawadi za Kyangwali, barieri za njiani, magonjwa. Dola zenu ziwe mpya na safi. Kambista wa Uganda anakataa noti iliyopasuka ao ya zamani. Feza ya kurudi mama aishone peke yake, na baba asijue hata fasi iko.

Na kurudi kuhesabiwe toka mwisho. Kama masomo yanaanza Jumatatu, muwe Mahagi Alhamisi jioni, si Jumamosi. Hivyo, madereva wakisema tena "ngojeni," mtakuwa na siku mbili za kungojea.