Daftari Lisilosomwa

Wapenzi wa vitabu huniuliza nafanya kazi gani. Nikisema natunza seva, wananyamaza. Basi leo niwaambie: na mimi nalinda maandishi, ila haya hayasomwi mpaka mambo yaharibike.

Mfumo wetu wa hesabu una tabaka tatu, mpangilio uleule wa SAP R/3 ya mwaka 1992: kompyuta ya mhasibu mezani, seva ya programu katikati, seva ya hifadhidata nyuma. Mhasibu anaona kitufe tu. Akikibonyeza, hifadhidata kwanza inaandika kwenye daftari la matukio kile inachobadilisha, inahakikisha maandishi yametua kwenye diski, ndipo inamjibu: tayari.

Tarehe 28 umeme ulikatika mishahara ikiwa katikati ya kuchakatwa, na betri za akiba zikaisha kabla jenereta haijawaka. Mlinzi wa zamu, ambaye binti yake alikuwa anadaiwa ada, akasimama mlangoni kwangu.

"Zitatoka, mwanangu?"

"Tusubiri kidogo, mzee wangu."

Seva ilipowaka, hifadhidata ikalipitia daftari lake: lililothibitishwa likarudiwa, lililoachwa njiani likafutwa. Mimi na mhasibu tukalinganisha jumla mpaka usiku. Hakuna aliyelipwa mara mbili, hakuna aliyerukwa.

Sisi tunaoandika tunapenda kulalamika kwamba hatusomwi. Daftari lile lilisomwa mara moja tu, tena na mashine, na mzee akalipa ada.